Kutafutana Baada ya Miaka Thelathini: Kimya Si Ugomvi

Siku hizi si rahisi kumpata Mtanzania aliyepitia sekondari ya bweni, chuo cha ualimu au kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa ambaye hajaingizwa, kwa hiari yake au bila kuulizwa, katika kundi la WhatsApp la "tuliosoma wote". Wiki ya kwanza kundi huwaka moto: picha zilizofifia za sare za shule, majina ya utani ya walimu, maswali ya fulani yuko wapi na fulani alioa wapi. Baada ya miezi michache maswali hubadilika. Kwa nini mtu tuliyegawana dabodeka kwa miaka minne leo sina la kumwambia? Kwa nini aliyenitafuta pembeni kwa furaha nyingi ameniletea, siku ya tatu tu, habari za mchango? Na je, kimya cha miaka yote ile kina maana kwamba hatukuwa marafiki kweli? Wanaouliza zaidi ni watu waliovuka miaka hamsini, na majibu wanayopeana vibarazani mara nyingi huchanganya mambo yanayotofautiana sana.

Kwanza tuweke maneno sawa. Rafiki wa karibu ni yule unayemweleza la moyoni, na ambaye akipitisha mwezi bila kupiga simu unashtuka. Mtu mnayefahamiana ni yule unayemjua kwa jina, kwa kazi na pengine kwa ukoo. Mkikutana sokoni mnasimama na kujuliana hali, lakini hakuna anayepanga siku yake kwa kumfikiria mwenzake. Uhusiano uliolala ni kitu cha tatu. Huu ni uhusiano, uwe wa karibu au wa mbali, uliowahi kuwa hai, kisha mawasiliano yakakatika kwa miaka kadhaa bila yeyote kati ya wawili hao kusema kwamba umekwisha. Usichanganywe na uhusiano uliovunjika. Uliovunjika una siku yake na sababu yake, na kwa kawaida una mtu anayelaumiwa. Uliolala hauna tarehe, na ukiwauliza wahusika ulianza kulala lini, kila mmoja atakutajia mwaka wake.

Akaunti ya benki inaweza kutusaidia hapa. Mteja akiacha kuweka na kutoa fedha kwa muda mrefu, benki huihesabu akaunti yake kuwa imelala, lakini salio halifutwi. Siku akirudi atalikuta, ila hatatoa hata shilingi mpaka alete kitambulisho, ajaze fomu na kuthibitisha kwamba ndiye. Katika uhusiano uliolala, salio ni yale mliyopitia pamoja, nayo hayafutiki. Kitambulisho ni kazi ya kujuana upya, nayo hairukwi. Makosa mengi ya watu wanaotafutana ukubwani huangukia upande mmoja wapo: wapo wanaodhani salio limefutika, kwa hiyo hawapigi simu kabisa, na wapo wanaodhani kitambulisho hakihitajiki, kwa hiyo siku ya pili wanaomba mkopo.

Ili kuelewa kwa nini kimya si ugomvi, inafaa kutazama jinsi kizazi cha wanaostaafu sasa kilivyopotezana. Kwa miaka mingi baada ya uhuru, serikali iliwapanga wanafunzi wa sekondari mbali na makwao kwa makusudi, ili kijana wa Mtwara asome Tabora na binti wa Bukoba asome Weruweru, na taifa lichanganyike. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, likaongeza mchanganyiko huo: waliomaliza masomo walipelekwa Ruvu, Mafinga, Oljoro, Makutupora na kambi nyingine, wakalala hanga moja na watu wasiowahi kuwaona, mpaka utaratibu huo wa lazima uliposimamishwa mwaka 1994, kabla ya kurejeshwa mwaka 2013. Halafu kila mmoja akapangiwa kituo cha kazi, akahamishwa, akahamishwa tena. Mpango uliowakutanisha vijana wa mikoa yote haukuwa na sehemu ya pili ya kuwawezesha kuendelea kuonana.

Njia za kuwasiliana nazo zilikuwa za taasisi kuliko za mtu. Barua ilikwenda kwenye sanduku la posta la shule, la wilaya, la kiwanda au la misheni, na mtu akiondoka hapo anwani yake ilikufa, kwani wachache walikuwa na sanduku lao wenyewe na wachache zaidi walikuwa na simu nyumbani. Simu za mkononi zilipoingia Dar es Salaam katikati ya miaka ya 1990, na kuenea mikoani katika miaka iliyofuata, nazo zilileta namna yao ya kupotezana. Tarakimu za mwanzo zilibadilishwa, namba za 0744 zikawa 0754 na za 0748 zikawa 0784, na daftari la namba likazeeka bila mwenyewe kujua. Simu ikiibwa, majina yote yalikwenda nayo. Kisha ukaja usajili wa laini kwa alama za vidole, na kuanzia tarehe 20 Januari 2020 laini ambazo hazikusajiliwa zikaanza kuzimwa. Wengi wakarudi hewani kwa namba mpya ambazo marafiki wa zamani hawakupewa.

Kuna kikwazo kingine ambacho wanaotafuta majina mtandaoni hukigundua wakiwa wamechelewa, nacho ni kwamba hawajui jina. Bwenini watu waliitana Kamanda, Mzungu, Babu au kwa jina la kijiji anachotoka mtu, na jina la kwenye daftari la mahudhurio halikutumika. Kwa wanawake hali ni ngumu zaidi, kwa sababu aliyesoma kwa jina la baba anaweza kuwa leo anatumia jina la mume, na mtaani anafahamika kwa jina la mtoto wake wa kwanza tu. Mtu aliyetumia jioni nzima kumtafuta mwenzake Facebook na kutoka mikono mitupu asihitimishe kwamba mwenzake amejificha. Njia ya zamani bado inashinda: kumuuliza mtu wa kwao, parokia au msikiti wa kwao, mwalimu mstaafu, au mdogo wake aliyebaki kijijini.

Si kila kimya kilitokana na posta na laini za simu, na hapa nataka kuwa mwangalifu. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya tarehe 12 Januari 1964, watu wengi waliondoka visiwani kwenda Bara, Uingereza na nchi za Ghuba, na Sultani Qaboos aliposhika madaraka Oman mwaka 1970 na kuwaita watu wenye asili ya Oman warudi, familia nyingi zilizokuwa Afrika Mashariki zilihamia Muscat. Waliobaki Ng'ambo, ile mitaa ya mjini Unguja, na waliokwenda ng'ambo ya kweli walikuwa wamecheza mpira uwanja mmoja na kusoma chuo kimoja. Leo wajukuu wao huwaunganisha kwa simu ya video, na wazee hao, wakiongea Kiswahili kilekile, hujikuta wakizunguka kwa uangalifu jambo ambalo kila mmoja analikumbuka kwa namna yake. Katika uhusiano wa aina hii kimya kilikuwa na uzito wa historia, na simu ya kwanza si mahali pa kuuliza nani aliondoka kwa nini. Wanaofaulu, kwa kadiri ninavyoona, huanza na watu na mitaa: nani alikuwa anauza urojo pale, nyumba ile inakaa nani sasa.

Tukirudi kwenye kimya cha kawaida, swali linalosumbua wengi ni la woga: nikimtafuta, si ataniona wa ajabu? Hili limechunguzwa. Mwaka 2022 mtafiti Peggy Liu na wenzake, katika mfululizo wa majaribio yaliyohusisha watu zaidi ya 5,900, walionyesha kwamba anayetuma salamu hukadiria chini furaha ya anayezipokea, na kwamba kadiri salamu zinavyokuja bila kutarajiwa, ndivyo mpokeaji anavyozithamini zaidi. Miaka miwili baadaye Lara Aknin na Gillian Sandstrom walipima jambo lililo karibu zaidi na letu. Waliwachukua watu waliosema wenyewe kwamba wangependa kumwandikia rafiki waliyepotezana naye, waliokuwa na namba au anwani yake, na ambao waliamini kwamba rafiki huyo angefurahi. Wakawapa muda wa kuandika ujumbe na kuutuma. Waliotuma hawakufika hata theluthi moja. Watafiti hao waligundua pia kwamba mtu husita kumwandikia rafiki wa zamani karibu sawa na anavyosita kuzungumza na mgeni asiyemjua kabisa. Kilichosaidia kidogo kilikuwa mazoezi: waliotumia kwanza dakika chache kuwaandikia marafiki wao wa sasa, kisha wakaombwa kumwandikia yule wa zamani, zaidi ya nusu yao walituma.

Kwa hiyo maelezo ya mtaani kwamba asiyepiga simu hajali yanahitaji kurekebishwa. Mara nyingi wote wawili wanataka, na wote wawili wanasubiri. Hata ule utani wetu wa kumpokea mtu kwa lawama, "Umenitupa sana!", "Umeadimika kama chumvi ya dukani enzi zile!", unapaswa kusikika vizuri na mtu anayeogopa: kwa Waswahili walio wengi hiyo ni namna ya kukaribisha, na anayelaumu hivyo hangojei maelezo ya miaka ishirini. Majaribio niliyoyataja yalifanyika zaidi Amerika Kaskazini, mahali ambapo simu ya rafiki wa zamani haifuatwi na kadi ya mchango wa harusi, na hilo lina maana kwa tutakayoyasema hivi punde. Kuhusu woga wenyewe, sioni sababu ya kudhani kwamba sisi tunatofautiana nao.

Watu wengine huuliza faida. Si swali baya. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya mahojiano na watu wa Newton, karibu na Boston, waliokuwa wamebadilisha kazi. Miongoni mwa waliopata kazi kupitia mtu wanayemjua, asilimia 16.7 tu walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara, asilimia 55.6 walionana naye mara mojamoja, na asilimia 27.8 kwa nadra. Wengi wa watu hao wa nadra walikuwa wa zamani, waliosoma au kufanya kazi pamoja nao. Sababu yake haina uchawi. Unaoishi nao kila siku wanajua yale unayoyajua, kwa kuwa mnasikia habari kwenye kijiwe kimoja. Aliye mbali anasikia ya kijiwe kingine. Mwaka 2011 Daniel Levin, Jorge Walter na Keith Murnighan waliwaomba mameneja waliokuwa wakisoma shahada ya uzamili ya biashara wawatafute watu ambao hawakuwasiliana nao kwa angalau miaka mitatu, wawaombe ushauri juu ya kazi waliyokuwa nayo mkononi. Mameneja wengi hawakulipenda zoezi hilo mwanzoni, lakini ushauri walioupata ulikuwa na manufaa zaidi, kwa wastani, kuliko ule wa watu walioshauriana nao kila siku, na waliosaidia vizuri sana ni wale ambao zamani walikuwa karibu nao: walikuwa na mambo mapya ya kusema na bado waliaminika.

Sasa hapa wasomaji wenye ujuzi kidogo wa saikolojia hupinga. Laura Carstensen wa Chuo Kikuu cha Stanford, kwa utafiti alioanza kuuchapisha miaka ya 1990, ameonyesha kwamba watu wakizeeka hupunguza watu wanaowasiliana nao. Iweje basi wastaafu ndio wawe wachapakazi wa makundi ya shule? Hakuna mgongano. Carstensen anasema kwamba mtu anapohisi muda uliobaki si mwingi, huacha kukusanya watu kwa ajili ya maslahi ya mbele na kuchagua wale wenye uzito moyoni. Wafanyakazi wenzake wa ofisini, waliounganishwa na kazi, hupungua haraka: mtumishi wa umma anafikisha miaka 60, anaagwa kwa keki na cheti, na ndani ya mwaka simu yake inalia mara chache kuliko ya mwanawe wa kidato cha pili. Wale wa ujana hupanda thamani. Na kumbukumbu nazo zinasukuma upande huohuo, kwa kuwa watu wazima wakiulizwa matukio ya maisha yao hukumbuka kwa wingi usio wa kawaida yale ya kati ya umri wa miaka kumi na thelathini hivi, kipindi cha mambo ya mara ya kwanza: safari ya kwanza ya treni, mshahara wa kwanza, kosa kubwa la kwanza. Mashahidi wa kipindi hicho ni wachache, na kila msiba unawapunguza. Ndiyo sababu makundi mengi huanzishwa makaburini, kihalisi: watu watano wa darasa moja wanakutana kwenye maziko ya wa sita, wanaaibika kwamba hawakujua alikuwa mgonjwa, wanapeana namba.

Ninakuja kwenye fedha, ambazo ndizo chanzo cha manung'uniko mengi. Imani iliyoenea ni kwamba anayekutafuta baada ya miaka ana shida. Wakati mwingine ni kweli, na mwaka wa uchaguzi ni kweli zaidi, maana wagombea wa udiwani na ubunge hukumbuka ghafla kila mtu waliyechota naye maji. Lakini imani hiyo inaunganisha mambo mawili yasiyolingana. Katika jamii yetu mchango wa msiba, wa harusi au wa matibabu si utapeli wala si dalili kwamba urafiki ni wa uongo. Ni sehemu ya jinsi watu wanavyokuwa pamoja, na aliyetoka katika mzunguko huo kwa miaka thelathini anakaribishwa tena kwa kuandikwa kwenye orodha. Tatizo ni mpangilio. Orodha ikitangulia mazungumzo, mtu mwenye pensheni ndogo huona thamani yake ikisomwa hadharani: fulani 100,000, fulani 50,000, fulani ameahidi. Huyo haagi kundi kwa hasira; ananyamaza, kisha anatoka usiku. Kundi likamhesabu mwenye kiburi. Wahazini wenye busara hutangaza jumla bila kutaja nani katoa nini, na ningependa makundi mengi zaidi yafanye hivyo.

Kundi lenyewe pia linadaiwa kazi isiyoiweza. WhatsApp inaruhusu watu hadi 1,024 katika kundi moja, ilhali Robin Dunbar, mtafiti wa Uingereza, alikadiria kwamba mtu anaweza kuendeleza uhusiano wa maana na watu wapatao 150, na wa karibu kabisa watano tu. Idadi hizo zinabishaniwa, ila hakuna anayebisha kwamba nafasi ina kikomo. Kundi linafaa kwa kutafuta namba, kutangaza msiba na kucheka. Mazungumzo ya kweli huhitaji mtu mmoja kumpigia mtu mmoja, mbali na wale wanaotuma mahubiri saa kumi na moja alfajiri.

Kuna hatari nyingine inayopanda gari la uaminifu wa zamani. Tapeli akifanikiwa kuiteka akaunti ya mtu, mara nyingi kwa kumlaghai amtumie tarakimu za uthibitisho zilizoingia kwenye simu yake, huwaandikia wenzake wote wa shule kwa picha yake na jina lake, akiomba fedha za dharura zitumwe kwenye namba nyingine. Wazee huangukia hapo kwa sababu salio la zamani ni kubwa na kitambulisho hakikuombwa. Dawa ni kumpigia na kusikia sauti yake, na kumuuliza jambo ambalo halikuwahi kuandikwa kundini. Uangalifu huohuo unafaa hata kwa mwenzako wa kweli anayekuletea upatu unaoahidi faida ya haraka: ulimjua akiwa na miaka kumi na saba, na uaminifu aliokuwa nao kwenye zamu ya jikoni hauthibitishi hesabu zake za leo.

Kuhusu wapenzi wa zamani nitasema machache: mwenye ndoa anayelazimika kufuta ujumbe baada ya kuusoma amekwishajua anachofanya. Na kuhusu waliokutesa bwenini, huwajibiki kuwapokea kwa sababu tu nywele zao sasa ni nyeupe.

Ujumbe wa kwanza haupaswi kuwa mrefu. Unahitaji kumwambia mtu wewe ni nani kwa namna atakayokukumbuka, kumtajia jambo moja mlilolifanya pamoja, na kutomdai chochote. "Habari za siku nyingi. Ni mimi, tuliyekaa dawati moja kidato cha pili, yule aliyekuwa anakuazima kalamu. Nimekukumbuka, nikaona nikusalimie. Ukipata nafasi nitafurahi kusikia habari zako." Ukigundua kwamba unayemtafuta amefariki, usifute namba na kunyamaza, waandikie watoto wake. Watoto humjua mzazi tangu alipokuwa mzazi, na wewe unajua alikuwaje kabla ya hapo.

Kazi ngumu zaidi ni simu ya pili. Ya kwanza hujiendesha yenyewe, kwa kuwa kuna orodha ndefu ya nani yuko wapi na nani ametangulia. Ikiisha, wanabaki watu wawili wenye ya zamani mengi na ya leo machache. Hapo ndipo wengi hupoa na kusema wenzao wamebadilika, jambo ambalo ni kweli na halikuepukika. Wanaovuka ni wale wanaouliza ya sasa, habari za shamba, za kisukari, za mjukuu anayelelewa na bibi, na zaidi wale wanaojitafutia shughuli ya kufanya pamoja: kwenda kumwona mwalimu mgonjwa, kusindikizana kliniki, kufuatilia pamoja mafao ya mwenzao aliyekwama. Katika kundi la watu mia moja na kitu, atakayepata wawili au watatu wa aina hiyo amepata vizuri. Wengine watabaki watu wa salamu za Idi na Krismasi, wanaojulikana walipo, na namba zao zimehifadhiwa kwa majina yao kamili.